Papa Mwelezaji na Filimu ya Masikio

Mchana ungeweza kumdhania bubu. Alikaa mbele ya nyumba yake kwenye avenue yetu, hapa Kabondo, akishona magodoro ya pamba ya msufi, na mtu akimsalimu alijibu kwa sindano: aliiinua kidogo, akaishusha. Mama yangu alipomuuliza kama godoro lake litadumu, alinyamaza mpaka akamaliza kushona upande mzima, ndipo akasema, "Mama, inategemea unalala namna gani." Basi. Nyuzi za msufi zilimjaa kwenye nywele na nyusi, ukamwona kama mtu aliyezeeka kuanzia mabega kwenda juu tu.

Lakini Jumamosi alasiri, tukishatoka salongo, ile kazi ya lazima ya chama tawala, bado tuna udongo wa mitaro kwenye kucha, mtu huyohuyo aliingia ukumbi wa parokia, akasimama kando ya shuka nyeupe, na tangu hapo hata padri hakuweza kumnyamazisha. Filimu zilipanda mto kwa bateau kutoka Kinshasa, ndani ya masanduku ya bati. Nyingi zilisema Kiingereza, lugha ambayo kwetu hakuna aliyeijua. Picha zikipita, yeye alitueleza kwa Kiswahili, akitia Lingala pale mambo yalipokuwa moto, nani anasema nini na kwa nini analia. Ndiyo maana tulimwita Papa Mwelezaji. Jina lake la kwenye kadi ya chama silijui mpaka leo.

Ninaandika habari zake kwa sababu mwezi huu alikaribia kuvuliwa jina hilo, na mimi nilikuwepo.

Kuna mfanyabiashara wa kutoka Butembo anayeuza chumvi na sabuni kwa jumla. Tunamwita Patron. Amenunua televizyo kubwa na mashine ya video, na amepanga mabenchi kwenye depo yake. Majuzi alisimama mbele ya magodoro, ndani ya abakosi mpya, lile koti lisilovaliwa na tai, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani:

"Papa, nimepata ile Filimu ya Masikio. Njo ileile! Lakini hii inasema Kifaransa. Samedi utakuja kukaa kwa benchi sawa batu bote, utanyamaza. Alors tutajua kama ulikuwa unatuelezea ao ulikuwa unatudanganya."

Watu walicheka. Papa aliinua sindano.

"Nitakuja kukaa," alisema.

Nilikuwa napita na ndoo ya maji kichwani, nikamwaga nusu yake kwenye blauzi. Kama kuna mtu katika Kabondo nzima ambaye maisha yake yaliharibiwa na Filimu ya Masikio, ni mimi.

*

Kwanza niseme alivyokuwa anafanya kazi, kwa maana alikuwa na sheria zake.

Sheria moja ilikuwa ya majina. Serikali ilishakataza majina ya Kikristo, sote tukabaki na majina ya mababu, na Papa hakuona kwa nini wazungu wa kwenye filimu wasamehewe. Kila mmoja alipewa jina halisi la kwetu. Kijana mwenye bastola alikuwa Sitoyeni Lokombe, yaani Mwananchi Lokombe. Msichana mwenye nywele za njano alikuwa Feza, na mama yake mwenye kofia ya manyoya alikuwa Mama Feza, mtu wa Kindu, mwenye roho ngumu. Waislamu wa Maniema waliokaa nyuma walipiga kelele, "Wa Kindu hatuko hivyo!" Papa aliwajibu bila kugeuka, "Huyu aliharibikia safarini."

Sheria nyingine: mzungu akisema sana, Papa alisema kidogo, mzungu akinyamaza, Papa alisema sana. Kwenye shuka mtu angeweza kubwabwaja mpaka mate yamtoke, mikono hewani, na Papa akafupisha, "Anakataa." Kisha mtu huyo akatazama dirishani, kimya, na hapo Papa akatupa deni la baba yake, ndoto ya jana usiku, na jinsi alivyochukia viatu vyake. "Anayesema hana kitu," alituambia. "Mungoje anyamaze."

Na Kiingereza chake? Alisema alijifunza akiwa kijana, akipakia kuni kwenye bateau ya wamisionari. Mimi nilimsikia akitamka neno moja tu, "Yes", na alilitamka kama hakimu anayesoma hukumu, kisha akalitafsiri kwa sentensi nne au tano. Hatukumuuliza. Unamuuliza mpishi kama kweli moto unaunguza?

Ajabu ni kwamba alichukia uongo. Namaanisha alichukia kweli. Binti yake aliwahi kumwambia mteja kwamba baba hayupo, na baba yuko nyuma ya nyumba anapiga msufi kwa fimbo. Papa alitoka, mavumbi meupe mwili mzima, akamwambia mteja, "Niko. Ila sitaki kukuona leo." Mteja alikasirika kwa mwezi mmoja, kisha akarudi, maana magodoro ya wengine yalikuwa yamejazwa majani katikati. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyenidanganya kuliko binadamu yeyote. Sijaelewa bado. Naandika tu.

*

Sasa Filimu ya Masikio.

Ilikuja kwa makosa. Padri aliagiza maisha ya mtakatifu fulani, akaenda zake Basoko kubatiza. Sanduku lilipofika, Papa na katekista walilifungua, wakaweka mkanda, na mtu wa kwanza kutokea kwenye shuka alikuwa mwembamba, ameshika kichwa kwa mikono miwili, anatazama juu. Ni nani angesema huyo si mtakatifu? Papa akaanza: "Huyu njo mutakatifu. Mungu amemupa kipaji. Anasikia mambo yenye kuwa ndani ya roho za batu." Wamama walifanya ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, mstari wa tatu, na miguu haikufika chini.

Muda si mrefu mtakatifu akamtazama mtu mmoja mnene, na damu ikamtoka mnene huyo puani mpaka akaanguka.

Katekista alimtazama Papa. Papa alikohoa, na hapa ndipo nilipoona ufundi, ingawa wakati ule niliona Shetani. "Mnaona," alisema taratibu, "kipaji bila sala." Basi. Kwa maneno matatu alimtoa mtu mbinguni akamtupa motoni, na filimu ikaendelea bila kukwama.

Tangu hapo ilikuwa hofu tupu. Mtu yule alisikia mawazo ya kila mmoja. Alimsikia mke wake akimtamani jirani. Alimsikia polisi akihesabu rushwa kichwani. Papa alisema, "Msifikiri iko mbali, kule kwa wazungu. Kila avenue iko na mutu mumoja anasikia." Watoto tulilia. Watu wazima, waliokuwa wanacheka, waliacha ghafla, wakatazama pembeni, kila mmoja upande wake. Siku ile sikujua kwa nini wakubwa waogope masikio kuliko sisi. Sasa najua kidogo. Mkubwa wa chama wa avenue alimwita Papa kesho yake, aeleze ni masikio ya nani aliyokuwa anayasema, na Papa akajibu kwamba alikuwa anazungumzia filimu. Wakamwachia, kwa kuwa mkubwa mwenyewe alikuwepo ukumbini na alikuwa amelia.

Halafu ikafika saa yangu. Mtu yule alisimama peke yake jikoni, asubuhi, mkono kwenye meza. Aligeuza uso polepole, akatutazama, akafungua mdomo. Papa alishusha sauti.

"Anasema: Wewe wa mustari wa tatu. Nimesikia."

Nilikuwa nimefikiri jambo baya. Silisemi hata humu. Lilihusu kipande cha samaki ambacho dada yangu alipigwa kwa ajili yake, na dada hakukila.

*

Mwenye kusoma acheke, mimi mwenyewe nacheka, lakini hivi ndivyo nilivyoishi baada ya hapo. Niliacha kufikiri mbele za watu. Mtu akinikaribia, nilijaza kichwa vitu visivyo na dhambi ili anayesikia asipate kitu. Mwanzoni nilijaza nyimbo za kanisani, lakini niliziogopa kwa kuwa mtakatifu wa filimu naye alianzia kanisani. Nikahamia vitenzi vya Kifaransa. Mwalimu akiniuliza jina langu, ndani nilikuwa najisomea "que je finisse, que tu finisses", na nje sikutoa neno. Mjomba akija kutoka Wagenia, kwa wavuvi, na samaki, mama alisema, "Salimia tonton," nami nilisimama kama nguzo, macho yametoka, nikinyambulisha kitenzi cha kushona. Tonton alimwambia mama, "Dada, huyu mutoto iko na nini? Mumupeleke wamuombee."

Walinipeleka. Mzee wa sala aliweka mkono kichwani pangu, akafumba macho, na mimi nikamsomea kimoyomoyo wakati uliopita wa kitenzi "kwenda", mpaka mwisho.

Hofu yenyewe ilinitoka nilipoanza sekondari, lakini desturi ya kunyamaza ilibaki, kama vile mtu aliyepona mguu anavyoendelea kuchechemea. Niko mwaka wa tano sasa. Shuleni tukicheza animasyo, ngoma za kukisifu chama, wenzangu wanaimba, mimi nachezesha midomo. Mvulana mmoja aliniuliza kama naweza kumwazima kitabu cha kemia, nikajibu wiki iliyofuata. Faida niliyopata ni moja: Kifaransa changu kinawashinda wote darasani. Mwalimu anasema ni kipaji. Ningemwambia nini? Kwamba ni woga?

Kwa hiyo Patron aliposema Jumamosi tutajua, mimi nilitaka kujua kuliko yeye. Nilitaka nimwone tena yule mtu wa jikoni, nimsikie kwa masikio yangu, katika lugha niliyojifunza kwa ajili yake.

*

Depo ilijaa. Mifuko ya chumvi ilirundikwa ukutani, na watoto walikaa juu yake. Papa alikuja na shati safi, akakaa benchi la katikati, mikono juu ya magoti, sindano hana. Sikuwa nimewahi kumwona mbele ya filimu akiwa amekaa. Kumbe alikuwa mfupi.

Mimi nilikaa karibu na mama anayeuza pondu, majani ya muhogo, sokoni, mwanamke mpana, mwema, asiyejua Kifaransa. Aliniinamia tangu mwanzo. "Mama yangu kadogo, utakuwa unaniambia, ee?"

Filimu ikaanza, na niseme wazi: ilikuwa mbaya. Haikuwa ya kutisha, ilikuwa mbaya kama uji uliopoa. Yule mtu mwembamba alipanda gari, akashuka. Alipiga simu. Alipigiwa simu. Watu wawili wenye makoti walieleza kwa muda mrefu kuhusu maabara na faili. Damu ya yule mnene ilitoka, ndiyo, lakini kidogo na nyekundu kama rangi ya kucha, na mnene mwenyewe nadhani alikuwa anajizuia kucheka. Wakati filimu inasema, ilisema mambo ya ofisi. Wakati inanyamaza, ilikuwa imenyamaza tu.

"Banasema nini?" aliuliza mama wa pondu.

"Wanauliza faili iko wapi, mama."

"Na sasa?"

"Bado wanaitafuta."

"Mm." Alisubiri. "Na mke wake, ile mwenye kumutamani jirani?"

"Hakuna jirani, mama."

"Namna gani hakuna jirani!"

Watu walianza kusogeasogea. Mzee mmoja wa Kindu alisema kwa nguvu, "Mama Feza atafika saa ngapi?" Mwanamke wa kofia ya manyoya alikuwa ameshapita, alifungua mlango na kufunga, hakusema hata "bonjour".

Kisha jiko. Nililitambua kabla ya kuliona: asubuhi, meza, mkono. Miguu yangu sasa inafika chini, na bado niliikunja. Aligeuza uso polepole. Alitutazama. Akafungua mdomo.

"Il reste du café?"

Nilisubiri. Nilidhani kuna lingine linakuja nyuma yake. Halikuja.

"Amesema nini?" mama wa pondu alinishika mkono, kwa maana yeye pia alikuwa analikumbuka jiko.

"Anauliza," nilisema, "anauliza kama kahawa imebaki."

Mtu wa mstari wa tatu hakutajwa. Hakuna aliyenisikia. Miaka yangu yote ya kusimama kama nguzo, mikono ya wazee kichwani, kitabu cha kemia, vyote kwa ajili ya mzungu aliyetaka kahawa! Nilimtazama Papa. Alikuwa ameinamisha shingo mbele kama mtu anayetafuta njia gizani, na nikaona kwamba hakuna neno lililomfikia. Kifaransa chake kilikuwa cha mteja na bei, hakikuwa cha filimu. Nilijisemea: watu wakiniuliza leo, nitasema. Nitasema yote, mbele yao wote, alitudanganya tangu mwanzo mpaka mwisho. Na moyo wangu ulifurahia hilo. Niliufurahia uchungu huo kama pipi.

*

Taa ilipowashwa, hakuna aliyeinuka.

"Patron," alisema mzee wa Kindu, "hii haiko ile."

"Njo ileile, papa!"

"Haiko. Ile ilikuwa na roho. Hii imekufa."

"Wamekuuzishia ya uongo!" walipiga kelele vijana. "Walikukamata mujinga kule Goma!"

"Tazameni sanduku! Tazameni uso wa mutu! Iko yeye, iko yeye!" Patron alikuwa anatoa jasho ndani ya abakosi. Alinyoosha kidole huku na huku mpaka kikasimama kwangu. "Wewe, mwanafunzi. Batu banasema unasikia Kifaransa kupita walimu. Uliona ile ya zamani, umeona hii. Waambie. Iko ileile ao haiko ileile?"

Depo nzima iligeuka. Papa naye aligeuka, wa mwisho. Hakuniomba kitu kwa macho. Alinitazama kama alivyomtazama yule mteja: niko, sema. Nikajua kwamba nikisema ileile, yeye ni mwongo, na nikisema siyo ileile, mwongo ni mimi, na yeye asingenishukuru.

Nilitafuta kitenzi cha kujificha ndani yake. Hakikuja hata kimoja.

"Iko ileile," nilisema.

Kelele. Patron alipiga mikono. "Mmesikia! Mmesikia!" Papa alitazama viatu vyake, akaanza kuinuka taratibu ili aende.

Nilikuwa na maneno mengine tayari mdomoni, yale machungu, na sijui yalikwenda wapi. Yaliyotoka yalikuwa haya:

"Iko ileile. Lakini hawa hawajui kuieleza."

Halafu mama wa pondu alicheka kwa tumbo lote, benchi likatikisika chini yetu. "Njo maana! Nilisema mie! Wafaransa banaharibu kitu ya batu!"

"Warudishie sauti yao!" alisema mzee wa Kindu. "Picha ibaki!"

Patron alijaribu kukasirika, ila yeye pia alikuwa amechoshwa na ile faili. Mwisho alikuna kichwa. "Bon. Papa, samedi inayokuja nafunga sauti. Utasimama hapa, karibu ya televizyo."

Papa alifikiri muda mrefu, muda wa upande mzima wa godoro.

"Nitasimama," alisema. "Ila chumvi muitoe. Inanikausha koo."

*

Nilimkuta njiani, au yeye alinisubiri, siwezi kujua. Jua lilikuwa bado liko juu. Tulitembea kimya, yeye upande mmoja wa mtaro na mimi upande wa pili, watu wawili wasiojua kuongea mchana.

"Mama," aliniita, kama wanavyotuita wasichana wakituheshimu. "Pale kwa jiko. Alisema nini kweli?"

"Aliuliza kama kahawa imebaki, papa."

Hakucheka. Alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyepokea habari za jamaa.

"Na ilikuwa imebaki?"

"Hapana. Mke wake alijibu toka chumbani kwamba imeisha. Yeye alikunywa maji."

"Mke alikuwa amekunywa?"

"Alikuwa amelala, papa. Ndiyo kwanza anaamka."

"Na bwana hakukunywa."

"Hapana."

"Na wanaishi wawili tu, ndani ya nyumba."

"Wawili tu."

Alisimama. Mimi pia nikasimama. Baiskeli mbili zilipita kando yetu na kengele zake, akangoja zipite.

"Alors," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka, ile ya ukumbini, katikati ya mchana, "nani aliimaliza?"

Nilimuaga, nikaenda nyumbani haraka zaidi ya ilivyo heshima.

Leo asubuhi, kabla ya mama kuamka, nilifungua kopo la kahawa nikachungulia. Ilikuwa imepungua. Tuko saba katika nyumba hii na wote tunakunywa kahawa. Najua vizuri kabisa. Hata hivyo nilichemsha chai.